Isiolo na Utabiri wa Intaneti ya Kasi: Mkongo Kupita si Mtandao Kufika

Serikali ya Rais William Ruto ilipoingia madarakani mwaka 2022 iliahidi kutandaza kilomita 100,000 za faiba ndani ya miaka mitano, kuweka vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma, na kufungua kituo cha kidijitali katika kila wadi kati ya wadi 1,450 za nchi. Ukishika kalamu ukagawanya, kilomita hizo ni kama 55 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Awamu ya kwanza ya mkongo wa taifa, iliyokamilika mwaka 2009, ilikuwa na takriban kilomita 4,300 tu, nayo ilichukua miaka. Hata ukikubali kwamba sehemu ya ahadi hiyo ni kazi ya kampuni binafsi, hesabu ingali nzito.

Lakini kwa mkazi wa kaunti ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya, kubishana juu ya kilomita ni kupoteza muda. Kaunti inaweza kupitiwa na mamia ya kilomita za mkongo, na bado mwalimu mkuu wa Sericho akalazimika kusafiri ndipo apate pa kuingiza alama za wanafunzi kwenye mfumo wa baraza la mitihani. Utabiri unaohesabu nyaya hukadiria mali ya mjenzi, wala haumwambii mtumiaji lolote. Utabiri wa kutufaa una maswali matatu. Nani atalipa kila mwezi ili mtandao ushuke mahali hapa? Umeme wa kuuendesha utatoka wapi? Njia ya kwanza ikikatika, ya pili iko wapi? Ukiyauliza maswali hayo utagundua kwamba Isiolo ni tatu, na kila moja ina tarehe yake.

Rekodi ya watabiri

Kabla ya kutazama mbele, tuwakague waliotabiri jana. Hadi mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kuzungumza na dunia, kwa bei ya kuumiza. Julai mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ukawashwa. TEAMS, unaotoka Fujairah hadi Mombasa, ukafuata mwaka huohuo, na EASSy mwaka 2010. Ilisemwa kwamba bei itashuka na kasi itapanda. Imekuwa hivyo kwa Nairobi na Mombasa, kisha polepole kwa miji mingine. Benki, vyuo, mashirika na wenye saiba walikuwa wamesimama foleni wakiwa na pesa mkononi, na wenye mikongo walijua wanamuuzia nani.

Utabiri uliofuata ulikuwa wa sera. Mkakati wa Taifa wa Brodibandi wa mwaka 2013 ulilenga kila mtu apate kasi isiyopungua megabiti 5 kwa sekunde kufikia 2017. Mwaka 2018 ukaja mkakati mwingine wa miaka mitano, nao ukaweka kima cha chini cha megabiti 2. Dunia ilikuwa inapandisha vipimo vyake, sisi tukashusha chetu. Anayesoma takwimu za nchi asisahau jambo hili, kwani huduma inaweza kutangazwa kuwa imewafikia watu wengi zaidi kwa sababu tu kiwango cha kuitwa "brodibandi" kimelegezwa.

Kisha kukawa na puto. Julai 2020 kampuni ya Loon, ya kundi moja na Google, ilizindua na Telkom Kenya huduma ya 4G inayorushwa na maputo yanayoelea angani, ikilenga eneo la karibu kilomita za mraba 50,000, hasa magharibi na katikati mwa nchi. Magazeti yakaandika kwamba suluhisho la maeneo ya mbali limepatikana. Januari 2021 Loon ikatangaza kufunga biashara, na Machi mwaka huo huduma ya Kenya ikakoma. Maputo yaliruka vizuri na simu zilishika mtandao. Gharama ndiyo iliyokataa kushuka hadi kiwango ambacho mteja wa mashambani angeweza kulipia.

Isiolo yenyewe imetabiriwa mara nyingi, na si kwa intaneti peke yake. Ruwaza ya 2030 iliutaja mji huu kuwa mojawapo ya miji ya kitalii itakayojengwa. Mradi wa ushoroba wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu Machi 2012, uliufanya uwe njiapanda ya barabara, reli, bomba la mafuta na mkongo wa mawasiliano. Uwanja wa ndege ulifunguliwa Julai 2017. Machinjio ya kisasa yalianza kujengwa katika muongo wa 2000, yakakaa miaka mingi bila kuchinja hata mbuzi. Barabara ya lami kwenda Moyale ilikamilika na inafanya kazi. Jiji la kitalii bado liko kwenye makaratasi.

Ukiyapanga yote hayo pamoja unaona kwamba palipokuwa na mteja wa kudumu, umeme wa uhakika na fundi wa kurekebisha, utabiri ulitimia, wakati mwingine hata kabla ya tarehe. Pakikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, mambo yaliishia kwenye kukata utepe.

Hesabu ya ardhi

Kaunti ya Isiolo ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 25,000. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002, yaani kama watu 11 kwa kila kilomita ya mraba. Zaidi ya robo yao wanaishi mjini Isiolo. Ukiutoa mji, nchi iliyobaki inabaki na watu saba au wanane kwa kilomita ya mraba, nao hawakai mahali pamoja mwaka mzima, kwa kuwa mifugo hufuata malisho na maji.

Sasa chukua mnara wa 4G wa masafa ya chini, ule ambao kwenye tambarare unaweza kuhudumia mduara wa kilomita 10 kila upande. Mduara huo ni kilomita za mraba 314. Kuifunika kaunti nzima, hata miduara isipopandana, kunahitaji minara kama 80. Ikipandana inavyopaswa, vuka mia moja. Ndani ya mduara mmoja huko nyikani kuna watu wapatao 2,300, na wengi wao ni watoto. Tuseme watu 500 wana simu za kuingia mtandaoni na kila mmoja ananunua bando la Sh300 kwa mwezi. Hayo ni mapato ya Sh150,000, kabla ya kodi. Kwa fedha hizo mwenye mnara anatakiwa kulipa mlinzi, betri, paneli za sola, safari ya fundi kutoka mjini, na deni la mamilioni aliyojengea. Hesabu haifungi, na haitafunga kwa sababu tu waziri amehutubia mkutano.

Hapa ndipo takwimu za kitaifa zinapodanganya bila kusema uongo. Utafiti wa Mamlaka ya Mawasiliano wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 94.4 ya Wakenya walikuwa ndani ya eneo lenye angalau mtandao wa 2G, huku kata ndogo 164 zikiwa hazina mtandao kabisa. Asilimia hiyo ni ya watu, wala haisemi lolote juu ya ardhi. Mfugaji anayehamisha ng'ombe kutoka Merti kuelekea mipaka ya kaunti anahesabiwa ndani ya asilimia 94 akiwa nyumbani, na akiwa malishoni yuko nje yake. Kwake, ramani ya mtandao hubadilika kwa kufuata mvua.

Isiolo ya kwanza: mji

Mjini utabiri ni mwepesi. Mkongo wa taifa umefika makao makuu ya kaunti. Kampuni za simu zina 4G, na 5G iliyozinduliwa kibiashara na Safaricom Oktoba 2022 na Airtel mwaka 2023 inaenea kwa kufuata miji. Kutoka Wabera hadi Bulla Pesa kuna maduka, hoteli, ofisi za mashirika na nyumba za kupanga, na wateja wa namna hiyo wanatosha kumleta mtoa huduma bila ruzuku ya mtu yeyote.

Isitoshe, mji uko jirani na Nanyuki, ambako tangu mwaka 2013 kampuni ya Mawingu, wakati huo ikishirikiana na Microsoft, ilijaribu kurusha intaneti kupitia masafa ya televisheni yaliyoachwa wazi, kisha ikakua na kuuza huduma nafuu katika miji midogo. Funzo la Nanyuki ni kwamba mji wa kati hauna haja ya kusubiri kampuni kubwa. Mtoa huduma mdogo anayenunua kasi kwa jumla na kuiuza rejareja mtaani anaweza kuanza na wateja wachache na akasonga mbele.

Kwa hiyo mjini swali la "lini" limekwisha kujibiwa. Lililobaki ni bei na uthabiti. Mtaa wenye mtoa huduma mmoja hupangiwa bei; wenye wawili hupanga wenyewe. Na mkongo mmoja ukikatwa na tingatinga linalochimba mtaro wa maji, mji mzima hurudi kwenye enzi za kusubiri. Naweka uwezekano wa tisa kwa kumi kwamba kufikia sensa ya 2029, nyumba nyingi za mjini zitakuwa na watoa huduma wa kasi wasiopungua wawili wa kuchagua.

Isiolo ya pili: kando ya barabara

Ugumu unaanzia hapa. Barabara mbili kuu zinatoka mjini kwenda kaskazini na mashariki. Ya kwanza ni A2 kwenda Marsabit na Moyale, takriban kilomita 500 hadi mpaka wa Ethiopia, na mkongo umeifuata. Ya pili inakwenda Kulamawe, Modogashe, Wajir hadi Mandera, zaidi ya kilomita 700. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 750 kwa mradi wa Lango la Pembe ya Afrika, ambao pamoja na kujenga barabara hiyo una sehemu ya kutandaza mkongo kandokando yake. Vipande vya barabara vinajengwa kwa awamu.

Naamini mkongo huo utafika. Pesa yake imetengwa, mtaro unachimbwa pamoja na barabara, na Mandera inauhitaji. Ila mkongo wa masafa marefu ni kama basi la usiku la Nairobi kwenda Moyale: linapita kijijini kwa kasi, taa zake mnaziona, lakini bila kituo halisimami. Faiba iliyozikwa kandokando ya boma haimpi mtu hata megabiti moja mpaka pajengwe mahali pa kuichepusha. Kila baada ya kilomita 80 hadi 100 mwanga unaosafiri ndani ya nyuzi huhitaji kuongezwa nguvu, kwa hiyo hujengwa kibanda chenye vifaa, paneli za sola, betri na uzio, na mlinzi wake. Katika vituo hivyo kushusha mtandao ni rahisi. Kati ya kituo na kituo ni lazima mtu aamue mapema, wakati wa kuchora mradi, kwamba Kulamawe itapata mlango wake, na ni nani atakayeuwekea mnara au kisambazi.

Uamuzi huo hufanywa kwenye nyaraka za zabuni miaka kadhaa kabla ya mwananchi kuona gari la mkandarasi. Anayetaka kujua kama Kulamawe au Modogashe itapata kasi akasome orodha ya vituo vya kuchepushia na masharti ya kukodisha nyuzi. Je, mtoa huduma mdogo wa Isiolo anaruhusiwa kukodi jozi moja ya nyuzi kwa bei inayojulikana, au nyuzi zote zitashikwa na wakubwa wawili? Mkongo wa umma usio na bei ya wazi huwa mali ya anayeweza kungoja.

Utabiri wangu kwa Isiolo ya pili ni nusu kwa nusu. Vituo vya biashara vilivyo barabarani kabisa vina nafasi nzuri ya kuwa na 4G ya kweli, au faiba shuleni na zahanati, kufikia 2030. Vijiji vilivyo kilomita 10 au zaidi kutoka lami havitaona tofauti kwa sababu ya mkongo huo peke yake. Garba Tula, kwa kuwa ni makao makuu ya kaunti ndogo na ina ofisi za serikali, ina nafasi nzuri kuliko kijiji cha ukubwa uleule kisicho na ofisi. Ofisi ni mteja.

Isiolo ya tatu: nyikani

Cherab, Chari, Sericho, Oldonyiro, na malisho yote yaliyo kati yao: hapa hesabu ya minara haifungi, na mkongo hauko njiani. Ajabu ni kwamba uchache wa watu unaoua biashara ya mnara ndio unaoipa nguvu setilaiti. Starlink ilianza kuuza huduma Kenya Julai 2023. Kufikia Novemba 2024 ilikuwa imesimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na maeneo ya jirani kwa kuwa uwezo wake hapo ulijaa, kwani kila kipande cha ardhi hugawiwa kasi yenye kikomo na watu wakisongamana huipigania. Nyikani kwa Isiolo msongamano haupo. Dishi moja la Merti linaweza kupata kasi ambayo dishi la Ruaka, jirani na Nairobi, haliipati.

Setilaiti zenyewe zimebadilika. Zile za zamani hukaa juu ya ikweta umbali wa kilomita 35,786, na simu ya video kupitia kwake hukatikakatika kwa kuchelewa. Hizi mpya huzunguka karibu, kama kilomita 550 juu ya ardhi. Bei nayo imeshuka: mwaka 2024 Starlink ilileta kifurushi cha Sh1,300 kwa gigabaiti 50, na kukodi kifaa kwa Sh1,950 kwa mwezi. Kwa familia ya mfugaji hiyo ni pesa nyingi. Kwa shule ya wanafunzi 300 au zahanati, ni chini ya gharama ya kumtuma mtu mjini kwa pikipiki mara chache kwa mwezi.

Kwa hiyo mpaka wa kweli wa Isiolo ya tatu ni fedha za kila mwezi na umeme. Dishi hula umeme mchana kutwa na usiku kucha, na zahanati yenye paneli moja ya kuwashia taa haitaliweza. Mradi wa sola kwa maeneo yasiyofikiwa na gridi, KOSAP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa kaunti 14, Isiolo ikiwamo, unastahili kusomwa kama mradi wa intaneti. Ukitaka kujua shule gani ya nyikani itakuwa na mtandao unaodumu, anza na ramani ya betri kabla ya ramani ya minara.

Nani anauhitaji?

Wapo wanaosema kwamba nyikani hakuna mahitaji. Hoja yao si ya kupuuzwa. Tazama biashara ya maziwa ya ngamia. Asubuhi madumu ya manjano huingia mjini kwa pikipiki na pikapu kutoka upande wa Kulamawe na kwingineko. Akina mama wa vyama kama Anolei huyapokea, huyaonja na kuyapima, hutenga yaliyoanza kuchacha, huyapoza kwenye friza, kisha huyapandisha basi la Nairobi kwa wateja wa Eastleigh. Mzigo ukichelewa mtu anapiga simu. Maziwa yakifika pesa inatumwa kwa M-Pesa. Mnyororo wote huo wa chakula kinachoharibika haraka unaendeshwa kwa mulika mwizi na mtandao wa 2G. Mtabiri anayepima mahitaji kwa gigabaiti atauona kuwa sifuri.

Simu nazo ni kikwazo. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba katika nchi nzima ni asilimia 22.6 tu ya watu wenye umri wa miaka mitatu na zaidi waliokuwa wakitumia intaneti. Kiwanda cha kuunganisha simu kilichofunguliwa Athi River Oktoba 2023 kilianza na simu ya Sh7,499. Kwa aliyepoteza mifugo katika ukame wa misimu mitano mfululizo, kati ya 2020 na 2023, bei hiyo ni mbuzi mmoja au wawili ambao hana. Ushuru wa bidhaa kwenye data ulipandishwa hadi asilimia 20 mwaka 2021, ukarudishwa 15 mwaka 2023. Kila pointi ya ushuru humwondoa mtumiaji wa mwisho kwenye orodha, naye ndiye yule ambaye mnara wa nyikani unamhitaji ili hesabu ifunge.

Lakini kuna mahitaji ambayo mwananchi hakuyachagua. Serikali imehamishia huduma zake mtandaoni, kwenye eCitizen. Tangu 1 Oktoba 2024 bima ya afya ya SHA imechukua nafasi ya NHIF. Mwananchi anaweza kujisajili hata kwa simu ndogo, lakini zahanati inayodai malipo yake inahitaji kompyuta iliyo mtandaoni. Walimu huingiza alama za tathmini kwenye mfumo wa baraza la mitihani. Maombi ya vyuo na mikopo ya elimu yote yako mtandaoni. Serikali imeifanya intaneti kuwa lazima kabla ya kuifanya ipatikane, na gharama ya pengo hilo inabebwa na anayepanda gari kwenda saiba mjini.

Jambo hili linageuza utabiri mzima. Ikiwa serikali ndiyo iliyozua mahitaji nyikani, basi serikali ndiye mteja wa kudumu tuliyekuwa tukimtafuta. Shule, zahanati, ofisi ya chifu na kituo cha polisi cha kijiji kimoja, vikinunua huduma pamoja kwa mkataba wa miaka mitano, vinampa mtoa huduma mapato ambayo wanakijiji 500 hawawezi kumpa. Hazina ya Huduma kwa Wote, inayokusanya asilimia 0.5 ya mapato ya kampuni za mawasiliano, iliundwa kwa kazi ya namna hii. Imejenga minara katika kata ndogo zilizosahaulika na kuunganisha shule za sekondari. Udhaifu wa miradi ya aina hii, hapa na kwingineko, ni kwamba ujenzi hulipiwa mara moja na matumizi hayalipiwi. Mkataba ukiisha, kifaa kinabaki ukutani kikikusanya vumbi.

Yatakayovuruga

Kuna mambo manne ambayo yanaweza kuipindua ramani hii. La kwanza ni njia ya pili. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini na intaneti ikadorora kote Afrika Mashariki. Nairobi ilikuwa na mikongo mingine ya kukimbilia. Mji ulio mwisho wa mkongo mmoja hauna pa kukimbilia, na mkongo wa barabara ya Isiolo–Mandera utakuwa mkia mrefu hadi pale utakapofungwa kuwa duara.

La pili ni maji na usalama. Mafuriko ya El Niño mwishoni mwa 2023 yalikata barabara kaskazini na mashariki mwa nchi, na mkongo uliozikwa ukingoni mwa barabara huondoka na ukingo. Minara imelipuliwa katika kaunti za Mandera, Wajir na Garissa na wapiganaji wa Al-Shabaab. Isiolo haiko kwenye hali hiyo, lakini wizi wa mifugo katika baadhi ya maeneo yake humfanya fundi asitoke bila kusindikizwa, na gharama ya kusindikizwa huongezwa kwenye bei.

La tatu ni sheria. Mwaka 2024 Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ikitaka kampuni za setilaiti zifanye kazi kwa kushirikiana na wenye mitandao wa ndani badala ya kupewa leseni zinazojitegemea. Ushirikiano wa aina hiyo umeanza kwa hiari: Mei 2025 Airtel Africa ilitia saini mkataba na SpaceX. Ukiwa wa lazima na wenye ada kubwa, dishi la Merti litapanda bei. Mji wenye faiba utajali kidogo, Isiolo ya tatu itaumia. Vivyo hivyo kwa ada za kupitisha nyaya kwenye ardhi ya kaunti: kaunti inayotoza kila mita ili kujaza hazina yake inajiongezea miaka ya kusubiri.

La nne ni siasa ya kalenda. Uchaguzi Mkuu ni Agosti 2027, mwaka uleule ambao ahadi ya miaka mitano inakomaa. Tutegemee takwimu nyingi za kilomita, na vituo vya wadi vitakavyofunguliwa kwa ngoma na nyimbo. Cha kuulizwa siku hiyo ni bili ya mwezi wa saba baada ya uzinduzi italipwa na nani.

Kipimo cha utabiri huu

Utabiri usioweza kukosolewa hauna thamani, kwa hiyo niuweke wazi. Mji: kasi ya kutosha na watoa huduma wasiopungua wawili kufikia 2029, karibu hakika. Vituo vya barabarani: nusu kwa nusu kufikia 2030, na uamuzi uko kwenye zabuni na bei ya kukodi nyuzi. Shule na zahanati za nyikani: zinaweza kuunganishwa zote ndani ya miaka mitatu tangu siku ambayo kaunti na serikali kuu zitatenga fedha za kila mwezi pamoja na betri; zisipotenga, tutaunganisha chache kwa misaada, na nusu yake zitazimika. Familia za nyikani kuwa na intaneti ya kasi nyumbani kwao: si kabla ya 2030, isipokuwa simu ya kawaida ianze kuzungumza na setilaiti moja kwa moja kwa bei ya bando la leo.

Mtu akitaka kunishinda kwa hoja, asiniletee idadi ya kilomita. Anionyeshe bajeti ya kaunti yenye mstari wa intaneti ya zahanati kwa miaka mitano mfululizo. Anionyeshe orodha ya vituo vya kuchepushia kati ya Isiolo na Modogashe, na bei ya jozi moja ya nyuzi iliyotangazwa hadharani. Anionyeshe kila wadi kati ya wadi kumi za kaunti na kasi iliyopimwa saa mbili usiku, wakati watu wako nyumbani, badala ya saa nne asubuhi ya siku ya uzinduzi. Nyaraka hizo tatu hazihitaji mkopo mpya wala waya mpya. Bunge la kaunti linaweza kuzidai katika kikao chake kijacho, na zikitoka, tutajua tarehe ya kila kijiji bila kumngoja mtabiri.